Graham Bell: Si simu tu, ndiye aliyesokota nyaya zinazoleta intaneti

Fungua kebo ya rauta yoyote, iwe ya duka la miamala pale Katonga au ya ofisi mjini Kigoma. Ndani utakuta nyaya nane nyembamba, zimepangwa jozi nne: chungwa, kijani, bluu na kahawia. Kila jozi imesokotwa kama kamba.

Wengi hudhani zimesokotwa ili zisitawanyike. Kumbe sivyo. Bila msokoto ule, kupitisha gigabiti moja kwa sekunde kwenye waya wa shaba mwembamba namna hiyo isingewezekana.

Wazo hilo lina zaidi ya miaka 140. Hataza yake, namba 244,426, ilitolewa Marekani Julai 19, 1881. Mwenye hataza alikuwa Alexander Graham Bell, yule yule wa simu.

Simu ilimpa jina, utajiri na kesi zisizoisha. Msokoto haukumpa sifa kubwa. Lakini ukitazama kilichobaki mikononi mwa watu leo, msokoto ndio umedumu karibu kama alivyouacha.

Mama asiyesikia vizuri

Bell alizaliwa Machi 3, 1847, mjini Edinburgh, Scotland. Baba yake, Alexander Melville Bell, alikuwa mwalimu wa matamshi. Alibuni alama za kuandika sauti kwa kuonyesha jinsi ulimi na midomo inavyokaa mtu anapotamka.

Mama yake, Eliza, alikuwa na usikivu hafifu sana. Bell alijifunza kuzungumza naye kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa karibu na paji la uso wa mama, ili aupate mtetemo wa sauti. Tangu utotoni alijua kwamba sauti ni mtetemo, na kwamba mtetemo unaweza kupita njia nyingine zaidi ya sikio.

Kisha msiba ukaingia nyumbani. Kifua kikuu kilimuua mdogo wake, Edward, mwaka 1867. Mwaka 1870 kikamchukua kaka yake, Melville. Wazazi wakabaki na mtoto mmoja. Mwaka huo huo wa 1870 wakafunga mizigo, wakahamia Canada, eneo la Brantford, Ontario.

Mwaka 1871 Bell akaenda Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi kuzungumza. Miaka miwili baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Boston. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mabel Hubbard, binti aliyepoteza usikivu kwa homa kali akiwa na umri wa karibu miaka mitano.

Baba wa Mabel, mwanasheria Gardiner Greene Hubbard, na mfanyabiashara Thomas Sanders ndio waliotoa fedha za majaribio ya Bell. Walitaka awatengenezee telegrafu ya kutuma ujumbe mwingi kwa pamoja kwenye waya mmoja. Bell akili yake ilikuwa kwingine. Alitaka kutuma sauti ya mtu.

Siku moja, maombi mawili

Februari 14, 1876, maombi ya Bell yalifikishwa kwenye ofisi ya hataza mjini Washington. Siku hiyo hiyo, mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, naye aliwasilisha taarifa ya kifaa cha kutuma sauti kwa waya.

Hataza akapewa Bell, Machi 7. Siku tatu baadaye, Machi 10, msaidizi wake Thomas Watson, akiwa chumba kingine, aliisikia kwenye waya sauti ya Bell ikimwita aje.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kifaa kilichofanya kazi siku ile kilitumia maji yenye tindikali, na Gray naye alikuwa ameeleza kifaa cha kutumia kimiminika. Nani alimtangulia nani, na ofisi ile ilikwenda vipi, wanahistoria wanabishana hadi leo. Kulikuwa pia na Muitaliano Antonio Meucci, aliyeweka taarifa ya simu yake mwaka 1871 na kushindwa kuiendeleza baada ya 1874. Mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumtambua.

Kesi zilizofunguliwa kuhusu hataza ya simu zilikuwa karibu 600. Ile kubwa ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1888. Bell akashinda kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Jaji mmoja tu angegeuka, historia ya simu ingesomeka vingine.

Julai 9, 1877, kampuni ya simu ya Bell ilianzishwa. Siku mbili baadaye alimuoa Mabel, akampa hisa zake karibu zote na kubaki na kumi tu.

Waya mmoja, kelele kibao

Watu walipoanza kununua simu, malalamiko yakafuata. Kelele!

Sababu ilikuwa kwamba simu za mwanzo zilirithi njia ya telegrafu. Telegrafu ilitumia waya mmoja tu juu ya nguzo. Umeme ulikwenda kwa waya, ukarudi kwa kupitia ardhini. Ilikuwa nafuu, kwani nusu ya waya ilikuwa bure.

Hata Ujiji iliwahi kuonja enzi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, waya wa telegrafu wa kampuni ya Cecil Rhodes, uliotoka kusini mwa Afrika ukilenga kufika Cairo, ulifika Ujiji na kuishia hapo. Cairo haukuiona kamwe. Na si ajabu kwamba Waswahili waliziita mashine hizi simu. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni waya.

Telegrafu haikusumbuliwa sana na kelele. Ni nukta na mistari: ukisikia mlio umeupata, hata kama kuna mikwaruzo. Sauti ya binadamu ni kitu kingine. Ni laini, ina milima na mabonde, na ukichafua kidogo tu maneno yanapotea.

Nyaya za simu zilipopita nguzo moja na za telegrafu, mteja alisikia mlio wa telegrafu katikati ya mazungumzo. Zilipopita kando ya simu nyingine, alisikia mambo ya jirani. Radi ya mbali ilikwaruza sikio. Miaka ya 1880, taa za umeme na tramu za umeme zilipoingia mijini, hali ikawa mbaya zaidi, maana nazo zilimwaga umeme wake kwenye ardhi ile ile.

Julai 1881

Jibu la Bell lilikuwa na hatua mbili.

Ya kwanza ni kuachana na ardhi. Weka nyaya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Ya pili, zisokote pamoja.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaofunga mitumbwi miwili kwa miti na kuning'iniza wavu katikati wanaweza kuielewa haraka. Wimbi likiinua mitumbwi yote miwili kwa kipimo kimoja, wavu unabaki sawa kati yake. Matatizo huanza wimbi linapopiga mtumbwi mmoja zaidi ya mwenzake. Hapo wavu unapinda.

Nyaya mbili za Bell zinafanya hivyo hivyo. Simu haisikilizi waya mmoja. Inasikiliza tofauti kati ya waya huu na ule. Kelele ikizipandisha zote mbili sawasawa, tofauti haibadiliki, na kelele inakuwa kama haipo.

Lakini nyaya mbili zikilala sambamba tu, mmoja utakuwa karibu zaidi na chanzo cha kelele na utaibeba zaidi. Ukizisokota, kila sentimita chache zinabadilishana upande. Aliyekuwa karibu anakuwa mbali, aliyekuwa mbali anakuja karibu. Mwisho wa safari kila mmoja amebeba sehemu yake sawa.

Bell hakuizuia kelele isiingie kwenye waya. Aliigawa sawa, ikajifuta yenyewe. Na msokoto unafanya kazi upande wa pili pia: jozi iliyosokotwa haimwagi sana mawimbi yake kwa jozi ya jirani.

Mwezi huo huo wazo la kusawazisha lilimpeleka kwenye kitanda cha mgonjwa mkubwa. Julai 2, 1881, Rais James Garfield alipigwa risasi mjini Washington. Madaktari hawakuiona risasi mwilini. Bell alitengeneza haraka kifaa chenye koili zilizosawazishwa, ili chuma kikikaribia usawa uvunjike na simu ilie. Kifaa kilifanya kazi kwenye majaribio, lakini kwa rais kilitoa majibu yasiyoeleweka. Kitanda alicholalia kilikuwa na springi za chuma. Garfield alifariki Septemba 19.

Kati ya matukio hayo, Agosti 1881, Mabel alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Alipewa jina la Edward. Hakuishi.

Aliupenda mwanga kuliko simu

Mwaka mmoja kabla, 1880, Bell na Charles Sumner Tainter walikuwa wametuma sauti kwa mwanga wa jua. Kioo chembamba kilitetemeka kwa sauti, mwanga ukatetemeka nacho, na upande wa pili kifaa cha seleni kikageuza mwanga kuwa sauti tena. Umbali ulikuwa mita 213.

Bell alikiona kifaa hicho kuwa uvumbuzi wake mkubwa kuliko hata simu. Lakini wingu likipita, mawasiliano yanakatika. Dunia ikakiweka kando.

Karibu karne moja baadaye nyuzi za kioo zililipa mwanga njia iliyofunikwa, na ndizo zinazobeba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi Kigoma. Mwanga huo ukishafika mjini, mara nyingi mita za mwisho, kutoka kwenye boksi la ukutani hadi kwenye rauta au kompyuta, ni za jozi ya shaba iliyosokotwa. Mawazo mawili ya mtu mmoja, ya 1880 na 1881, yanakutana kwenye ukuta mmoja.

Doa ambalo viziwi hawalisahau

Maisha ya Bell yana upande ambao hausemwi sana kwenye vitabu vya shule.

Alikuwa na mama asiyesikia vizuri na mke kiziwi. Alijiita kwanza mwalimu wa viziwi. Alimsaidia Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, kwa kuwaelekeza wazazi wake kwenye shule ya Perkins, ambako alipatikana mwalimu Anne Sullivan. Keller alimtabarukia kitabu cha maisha yake cha mwaka 1903.

Lakini Bell aliamini viziwi wote wanapaswa kufundishwa kuzungumza kwa mdomo na kusoma midomo ya wengine. Lugha ya alama aliipinga shuleni. Mwaka 1883 aliwasilisha andiko mbele ya wanasayansi wa Marekani akionya dhidi ya viziwi kuoana wao kwa wao, kwa hofu kwamba wangezalisha jamii ya viziwi.

Jina lake liliupa msimamo huo nguvu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan, Italia, ulikuwa tayari umeazimia kuondoa lugha ya alama madarasani. Vizazi kwa vizazi vya watoto viziwi vilikaa darasani bila lugha waliyoielewa. Mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver ulilikataa rasmi azimio lile la Milan.

Mtu aliyegundua namna ya kusikika katikati ya kelele hakutaka kuamini kwamba mikono nayo inasema.

Dakika moja ya kimya

Januari 25, 1915, laini ya simu ya kuvuka Marekani ilizinduliwa. Bell, akiwa na miaka 67, alikaa New York. Watson alikuwa San Francisco. Wakazungumza tena, safari hii kwa zaidi ya kilomita 5,000 za waya wa shaba. Wakati huo waya mmoja na ardhi ulikuwa umeshaondolewa kwenye laini ndefu, na nyaya mbili ndizo zilizokuwa kawaida.

Bell alifariki Agosti 2, 1922, nyumbani kwake Beinn Bhreagh, Nova Scotia, Canada. Alikuwa na miaka 75 na maradhi ya kisukari. Siku ya mazishi, Agosti 4, simu za Marekani na Canada zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Kutoka simu hadi gigabiti

Hataza ya msokoto ilikuwa ya miaka 17. Ilipofika 1898 ikawa mali ya kila mtu. Hapo ndipo njia yake inapotofautiana na ile ya simu, iliyopiganiwa mahakamani mwaka hadi mwaka.

Miaka ya 1980 kompyuta za ofisini ziliunganishwa kwa kebo nene, ngumu na ghali. Wahandisi wakatazama ukutani wakaona jozi za simu zilizosokotwa zimeshatandazwa, nyingine hazitumiki. Swali likawa: je, zinaweza kubeba data?

Jibu halikutolewa na mtu mmoja. Lilitafutwa kwenye vikao vya taasisi ya wahandisi, IEEE, ambako makampuni yanayoshindana hukaa meza moja. Kwenye mambo ya kiufundi, hoja hupita ikiungwa mkono na angalau asilimia 75 ya kura. Wajumbe hubishana kuhusu volti, masafa, urefu wa kebo, hata kiasi cha kelele kinachovumilika.

Mwaka 1990 walikubaliana megabiti 10 kwa sekunde kwenye jozi mbili. Mwaka 1991 chama cha viwanda vya mawasiliano cha Marekani, TIA, kilitoa kiwango cha kebo zenyewe. Mwaka 1995 ikawa megabiti 100. Mwaka huo zilipita njia mbili zinazoshindana, soko likachagua moja na nyingine ikafa.

Mwaka 1999 ikaja gigabiti moja. Hapo jozi zote nne zinatumika kwa wakati mmoja, na kila jozi inatuma na kupokea kwa pamoja, kama watu wawili wanaoongea kwa mpigo na kila mmoja anaondoa sauti yake ili amsikie mwenzake. Mwaka 2006 ikafika gigabiti 10, kwa umbali wa hadi mita 100 kwenye kebo ya daraja la juu.

Vichipu vimebadilika kabisa. Msokoto umebaki, ila umekuwa mkali zaidi. Na ndani ya kebo moja kila jozi husokotwa kwa mwendo wake tofauti, kusudi jozi zisichafuliane.

Msokoto ukiharibiwa

Kiwango si karatasi ya wakubwa tu. Fundi anapofunga kichwa cha kebo, anatakiwa asifumue jozi zaidi ya milimita 13. Wengine hufumua vidole viwili ili nyaya zipangike kirahisi. Taa ya rauta itawaka, lakini kasi inaweza kushuka, na mteja atalaumu bando.

Zipo pia kebo za bei chee zilizoandikwa daraja la 5 au la 6 huku ndani waya ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kiwango kinataka shaba tupu. Alumini hukatika upesi, hupoteza nguvu njiani, na ikibeba umeme wa kamera za ulinzi hupata joto kuliko inavyopaswa.

Ukiikwangua kwa kisu inajionyesha. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ile nyingine ni nyeupe.